Silaha za Roho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu filamu ya Le Chambon

Majibu haya ni ya wale walioitazama Weapons of the Spirit wakabaki na maswali, na ya walimu na viongozi wa vijana wanaofikiria kuionyesha. Baadhi ya maswali yanajibika kwa mistari miwili. Mengine yanahitaji subira.

Filamu hii inahusu nini?

Inahusu wakulima, wachungaji, walimu na wenye nyumba za wageni wa Le Chambon-sur-Lignon, kijiji cha milimani kusini ya kati mwa Ufaransa, pamoja na vijiji jirani. Kati ya 1940 na 1944 watu hao waliwapokea na kuwaficha Wayahudi waliokuwa wakisakwa na serikali ya Ufaransa na baadaye na Wajerumani wenyewe. Ni filamu ya makala, si ya kuigiza. Hakuna mwigizaji aliyevaa sare ya Kinazi. Wanaozungumza ni watu wenyewe, wakiwa wazee tayari, na wanaeleza waliyoyatenda kana kwamba wanaelekeza jinsi ya kuvuna viazi.

Utulivu huo wa sauti zao ndio unaowashangaza watazamaji wengi. Mtu anayejua habari za Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, hutarajia kuona machozi au majigambo. Hapati hata kimoja.

Nani aliitengeneza?

Pierre Sauvage, Mmarekani mwenye asili ya Ufaransa, na ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1980. Alizaliwa Le Chambon penyewe tarehe 25 Machi 1944, wazazi wake wakiwa Wayahudi waliokimbilia huko. Huko Poland, Hungaria na kwingineko, mtoto wa Kiyahudi kuzaliwa mwezi huo ilikuwa karibu sawa na kuzaliwa mautini. Yeye alizaliwa katikati ya majirani waliojua wazazi wake ni nani, nao wakanyamaza.

Vita vilipokwisha familia ilihamia New York. Wazazi wakaamua kuyafunika yaliyopita, na Pierre alikua bila kujua kwamba yeye ni Myahudi. Aliambiwa akiwa na miaka 18. Filamu, basi, ni safari ya mtu anayerudi kijiji alichozaliwa kuuliza: kwa nini mlituacha tuishi? Ndiyo maana anasimulia kwa nafsi ya kwanza, na ndiyo maana maswali yake hayana ubaridi wa mwandishi wa habari aliyetumwa kazini.

Jina la filamu limetoka wapi?

Kwenye mahubiri. Jumapili ya tarehe 23 Juni 1940, siku moja baada ya Ufaransa kutia saini mkataba wa kusalimu amri, wachungaji wa Le Chambon, André Trocmé na Édouard Theis, waliwaambia waumini wao kwamba wajibu wa Mkristo ni kuukabili ukatili utakaoelekezwa kwenye dhamiri yake kwa kutumia silaha za roho. Wakaongeza kwamba watakataa kila watakapotakiwa kutenda kinyume cha Injili, na watakataa bila woga, lakini pia bila kiburi na bila chuki.

Msomaji wa Biblia atakumbuka Wakorintho wa Pili 10:4, "maana silaha za vita vyetu si za mwili". Kinachonigusa zaidi ni tarehe. Wakati huo hakuna Myahudi aliyekuwa amekamatwa kijijini, wala sheria yoyote dhidi yao haikuwa imetangazwa na serikali mpya. Watu wengi Ufaransa walikuwa wakishusha pumzi kwamba vita vimekwisha na mzee Pétain ameshika usukani. Wachungaji hawa wawili waliamua watakataa nini kabla ya kuombwa chochote.

Hali ya Wayahudi Ufaransa ilikuwaje wakati huo?

Baada ya kushindwa, kaskazini na pwani ya magharibi zilikaliwa na jeshi la Ujerumani. Kusini kukawa na serikali ya Marshal Pétain iliyoketi Vichy. Serikali hiyo, kwa hiari yake, ilitunga sheria ya Oktoba 1940 iliyowaondoa Wayahudi katika kazi nyingi za umma, na nyingine iliyoruhusu kuwafungia kambini Wayahudi wa kigeni. Kambi kama Gurs na Rivesaltes zilikuwa upande huo wa kusini, zikilindwa na Wafaransa.

Tarehe 16 na 17 Julai 1942 polisi wa Ufaransa waliwakamata Wayahudi wapatao 13,000 mjini Paris na vitongoji vyake, wakiwemo watoto zaidi ya 4,000. Wengi walirundikwa kwenye uwanja wa mbio za baiskeli wa Vel d'Hiv kabla ya kusafirishwa kwenda kuuawa. Novemba mwaka huohuo Wajerumani wakaingia kusini pia. Hadi vita vinakwisha, Wayahudi wapatao 76,000 walikuwa wamepelekwa kwenye kambi za mauaji kutoka Ufaransa. Waliorudi hai hawakufika hata 3,000.

Le Chambon ni mahali pa aina gani?

Ni uwanda wa juu, karibu mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Baridi ni kali, theluji hudumu miezi, udongo si wa rutuba kubwa, na mashamba yametawanyika misituni. Kabla ya vita watu wa mijini walikwenda huko kupunga hewa wakati wa kiangazi, hivyo kijiji kilikuwa na hoteli ndogo na nyumba za kupangisha. Kulikuwa na treni ndogo iliyopanda taratibu hadi stesheni ya kijiji. Kulikuwa pia na shule ya sekondari ya Collège Cévenol, iliyoanzishwa na wachungaji 1938.

Ukiyaweka hayo pamoja unaanza kuelewa. Vyumba vya kulaza wageni vipo, misitu ya kujificha ipo, treni ya kuwaleta ipo, shule ya kumwingiza kijana asiulizwe anafanya nini hapo ipo. Wema wa mioyo bila vitu hivyo ungeokoa wachache tu. Nalisema hili kwa sababu watazamaji wengi huondoka wakizungumzia mioyo peke yake.

Lakini kwa nini wao, na si vijiji vingine?

Hili ndilo swali la filamu nzima, na Sauvage hajifanyi kuwa na jibu moja.

Jibu la kwanza ni kumbukumbu. Wengi wa watu wa uwanda ule walikuwa Waprotestanti, kizazi cha Wahuguenot, katika nchi yenye Wakatoliki wengi. Mfalme Louis wa 14 alipofuta haki zao 1685, mahekalu yao yalibomolewa, wanaume wakapelekwa kupiga makasia kwenye merikebu za mfalme, na watoto wakachukuliwa wakalelewe katika dini nyingine. Kwa zaidi ya miaka 100 waliabudu kwa siri porini. Mwanamke mmoja, Marie Durand, alifungwa kwenye mnara wa Aigues-Mortes kwa miaka 38 kwa sababu hakukubali kuiacha imani yake. Habari hizi hazikuwa za vitabuni tu. Bibi alimwambia mjukuu, na mjukuu akaonyeshwa pango ambalo babu wa babu yake alijifichia. Mtu aliyelelewa hivyo hahitaji kufundishwa kwamba serikali inaweza kukosea.

Jibu la pili ni Biblia yenyewe, jinsi walivyoisoma. Kwao Wayahudi walikuwa watu wa Agano la Kale, watu ambao majina yao waliyasoma kila jioni mezani. Uwandani kulikuwa pia na kikundi cha Wadarby, Wakristo wasio na wachungaji, wasioandika mambo yao, wasiotaka kusifiwa. Hao walipomwona Myahudi mlangoni waliona mtu wa taifa la Mungu. Trocmé naye alishika agizo la Kumbukumbu la Torati 19 kuhusu miji ya makimbilio, kwamba damu isiyo na hatia isimwagwe katikati ya nchi.

Jibu la tatu ni mazoea. Kabla ya Wayahudi walikuja wakimbizi wa vita vya Hispania. Kabla yao, kwa miaka mingi, watoto dhaifu wa familia maskini za mijini walipelekwa mashambani huko wanywe maziwa na wapate afya. Kumpokea mtoto wa mtu halikuwa jambo jipya. Kwa maoni yangu hili halipewi uzito unaostahili: 1942 ilipofika, mikono ilikuwa imeshazoea kazi.

Ni kweli yote yalianza na mwanamke mmoja mlangoni?

Ndivyo Magda Trocmé, mke wa mchungaji, alivyosimulia. Katika majira ya baridi ya 1940 kuingia 1941, theluji ikianguka, mwanamke Myahudi aliyetoroka Ujerumani aligonga mlango wa nyumba ya mchungaji. Aliuliza kama anaweza kuingia. Magda akamwambia karibu, ingia. Viatu vya mgeni vilikuwa vimelowa chepechepe. Vikawekwa karibu na moto vikauke, vikaungua. Mama wa watu akabaki bila viatu, katika nchi ambayo viatu vilipatikana kwa mgao, na Magda akatoka kuhangaika kumtafutia vingine. Alipokwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya kijiji kumwombea mgeni hati, alijibiwa kwamba mgeni huyo aondoke asubuhi.

Kwa hiyo si kila mtu alisema ndiyo. Siku ile Magda alijifunza kutowauliza wenye vyeo, akawa anawauliza wenye mashamba.

Magda alikuwa mzaliwa wa Florence, Italia. Katika filamu ni mama mzee mchangamfu asiyevumilia maneno makubwa. Ukimwita shujaa anakukatiza.

Kwa vitendo, waliwafichaje watu?

Kwa namna nyingi, na karibu zote zilikuwa kazi za kuchosha.

Kwanza, kulikuwa na nyumba za watoto. Shirika la Uswisi la kusaidia watoto liliendesha kadhaa chini ya kijana aitwaye August Bohny: La Guespy, L'Abric, Faïdoli. Nyingine zilipata fedha kutoka kwa Waquaker wa Marekani, Wakristo wanaopinga vita, na kutoka Cimade, shirika la vijana wa Kiprotestanti ambalo wanawake wake waliingia kambini Gurs na Rivesaltes kuwatoa watu huko. Alexandre Grothendieck, ambaye baadaye alitambuliwa kama mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne, alikaa La Guespy akisoma Collège Cévenol. Baba yake aliuawa Auschwitz.

Pili, mashamba. Madeleine Dreyfus wa OSE, shirika la Kiyahudi la kuokoa watoto, alipanda treni kutoka Lyon na watoto wachache kila mara, kisha akatembea shamba hadi shamba akiwaombea pa kulala. Wasichana walipata nafasi upesi. Wavulana wakubwa walikuwa taabu. Husimuliwa kwamba siku moja aliwaambia mzee na mkewe kwamba wavulana wawili aliokuja nao ni watoto wa mjini wenye njaa tu. Wakakataa. Alipokata tamaa akawaambia ukweli, kwamba ni Wayahudi na wanasakwa. Wale wazee wakamlaumu: mbona hukusema tangu mwanzo? Watoto wakaingia. Dreyfus mwenyewe alikamatwa Novemba 1943 akapelekwa kambi ya Kinazi ya Bergen-Belsen, alirudi hai.

Tatu, hati. Bila kitambulisho hupiti barabarani, na bila kadi ya mgao huli. Kijana Myahudi wa miaka 18 au zaidi kidogo, Oscar Rosowsky, aliyezuiwa kusomea udaktari kwa sababu ya asili yake, akawa mtengenezaji wa hati bandia wa uwanda mzima. Alijificha kwenye shamba la familia ya Héritier, na vifaa vyake vilifichwa kwenye mizinga ya nyuki. Nani angeingiza mkono humo? Vita vilipokwisha alirudi kusoma akawa daktari kweli.

Nne, njia ya kutoka. Uswisi ilikuwa mbali, karibu kilomita 300, na mpaka ulilindwa pande zote mbili. Mireille Philip na wenzake walipanga vituo njiani, nyumba za wachungaji na mapadre ambako mtu aliweza kulala usiku mmoja. Mchungaji Theis, alipolazimika kujificha, naye akawa mmoja wa waongozaji wa njia hiyo.

Juu ya yote kulikuwa na habari. Mara nyingi simu iligonga nyumbani kwa mchungaji na sauti isiyojitaja ikaonya kwamba kesho kuna msako. Watoto wakapelekwa msituni. Askari walipoondoka, watu walikwenda pembezoni mwa msitu wakaimba, na waliojificha wakajua wanaweza kurudi.

Serikali haikujua?

Ilijua vizuri sana. Tarehe 10 Agosti 1942 katibu mkuu wa vijana wa serikali ya Vichy, Georges Lamirand, alitembelea Le Chambon akitegemea bendera na shangwe. Wanafunzi wakubwa wa shule wakampa barua. Humo waliutaja msako wa Paris wa mwezi uliopita, wakamwambia kwamba miongoni mwao kuna Wayahudi, kwamba wao hawawatofautishi, na kwamba amri ya kuwakabidhi itakuwa kinyume cha Injili na hawataitii. Fikiria umri wao. Fikiria pia kwamba walikuwa wakimpa mwakilishi wa dola maandishi yenye ushahidi dhidi yao wenyewe.

Sauvage alimtafuta Lamirand miaka 40 baadaye na kumhoji, na mahojiano hayo yamo katika filamu. Mtazame mzee yule kwa makini. Hana sura ya mtu katili. Ni mstaarabu, mwenye tabasamu. Kwangu mimi hiyo ni sehemu nzito kuliko picha yoyote ya waya wa miiba.

Wiki chache baada ya ziara ile polisi walifika na mabasi. Trocmé alitakiwa atoe orodha ya Wayahudi, akakataa. Alisema hawajui Myahudi ni nini, wanajua watu tu. Askari wakapekua mashamba siku baada ya siku, na mabasi yakaondoka karibu matupu. Mtu aliyekuwa ameketishwa ndani ya basi peke yake aliletewa zawadi na wanakijiji, mmoja mmoja, mbele ya askari.

Februari 1943 Trocmé, Theis na mwalimu mkuu Roger Darcissac walikamatwa. Askari waliokuja nyumbani kwa Trocmé walikaribishwa chakula cha jioni na Magda. Wengine walimlaumu kwa hilo, naye akajibu kwamba ilikuwa saa ya kula. Wafungwa hao watatu walikaa kambini wiki kadhaa. Siku ya kuachiwa walitakiwa kusaini ahadi ya kumtii Pétain. Wachungaji wawili hawakusaini. Waliachiwa hata hivyo.

Kuna waliokufa?

Ndiyo. Tarehe 29 Juni 1943 Gestapo, polisi wa siri wa Kinazi, walivamia Maison des Roches, bweni la wanafunzi wakubwa. Msimamizi wake alikuwa Daniel Trocmé, binamu wa mchungaji, mwalimu kijana mwenye moyo dhaifu kiafya. Hakuwa bwenini asubuhi ile. Alikuwa kwenye nyumba nyingine ya watoto na angeweza kukimbilia msituni. Akaenda kwa wanafunzi wake. Alikamatwa pamoja na 18 kati yao, na alikufa katika kambi ya Majdanek Aprili 1944. Baadhi ya vijana wale hawakurudi.

Siku hiyohiyo Magda alifika bwenini, akaingia kupitia jikoni, akaambiwa na Daniel kwamba mmoja wa waliokamatwa, kijana Mhispania, aliwahi kumwokoa askari Mjerumani asizame mtoni. Akaenda hotelini walikokaa Wajerumani kutafuta askari wa kuthibitisha. Kijana akaachiwa.

Daktari wa kijiji, Roger Le Forestier, ambaye kabla ya vita alipata kufanya kazi Lambaréné nchini Gabon na daktari mmisionari Albert Schweitzer, aliuawa Agosti 1944 katika mauaji ya halaiki ya Saint-Genis-Laval karibu na Lyon, siku chache kabla ya eneo lile kukombolewa.

Wajerumani walikuwa kijijini wakati wote huo?

Kuanzia mwisho wa 1942, ndiyo: askari majeruhi waliletwa kupumzika kwenye hoteli za Le Chambon, hatua chache kutoka nyumba zilizoficha watoto wa Kiyahudi. Kuhusu Meja Julius Schmähling, aliyekuwa na madaraka huko Le Puy, wapo wanaoamini kwamba alifumba macho kwa makusudi, na wapo wanaoona kwamba kumsifu ni kumpa mtu wa jeshi la Hitler sifa asiyostahili. Mjadala huo ulikuwa mkali hata kati ya watu waliokipenda kijiji hiki. Mimi naona inawezekana mtu akapunguza madhara na bado akabaki mtumishi wa dhuluma. La kwanza halifuti la pili.

Waliokolewa wangapi hasa?

Filamu inataja 5,000, karibu sawa na idadi ya wakazi. Wanahistoria waliochambua kumbukumbu baadaye wametoa makadirio madogo zaidi, kwa sababu ni vigumu kutofautisha waliokaa miezi na waliopita usiku mmoja, na kwa sababu waliokuwa wakificha watu hawakuweka daftari. Kwa anayeionyesha filamu darasani, ni bora kusema "maelfu" na kueleza kwa nini hesabu ina utata. Mtu anayekana kwamba Wayahudi waliangamizwa akikukuta unatetea tarakimu usiyoweza kuithibitisha, atageuza mjadala wote kuwa wa tarakimu.

Waliwabadili dini?

Haikuwa desturi yao, na filamu inalitilia mkazo. Watoto wengine walikwenda kanisani pamoja na wenyeji ili wasishukiwe, lakini wakimbizi waliotaka kushika sikukuu zao waliachiwa nafasi. Katika sehemu nyingine za Ulaya wapo watoto waliookolewa kwa sharti la kubatizwa, na familia zilihangaika miaka baada ya vita kuwarudisha. Le Chambon mlango ulifunguliwa bila sharti hilo.

Basi André Trocmé ndiye aliyefanya yote?

Hapana, ingawa bila yeye pangekuwa na ombwe kubwa. Kuanzia katikati ya 1943 alikuwa mafichoni, na uokoaji haukusimama. Vijiji vya Le Mazet-Saint-Voy, Fay, Tence na vingine vilikuwa na watu wao, wakiwemo Wakatoliki. Na kazi ya kila siku, ya kupika, kufua, kushona, kumtuliza mtoto anayeota ndoto mbaya kwa lugha ambayo hakuna ajuaye, ilikuwa juu ya wanawake. Yad Vashem, taasisi ya Israel inayowaenzi waliookoa Wayahudi, ilimtambua André 1971, Daniel 1976, na baadaye Magda pia. Mwaka 1990 ikatoa hati ya heshima kwa wakazi wote wa Le Chambon na vijiji jirani. Ni heshima adimu. Kijiji kingine kilichotambuliwa hivyo kizima ni Nieuwlande cha Uholanzi.

Kama imani iliwafanya watende hivyo, mbona Wakristo wengine hawakutenda? Mbona Rwanda?

Swali hili huulizwa na watu wa kwetu kila mara, na lina haki ya kuulizwa. Ulaya nzima ilijaa makanisa, na wengi waliosali humo walitazama majirani zao wakichukuliwa. Rwanda 1994 watu walikimbilia makanisani Ntarama na Nyarubuye, wakauawa humohumo. Anayetumia Le Chambon kuthibitisha kwamba Ukristo huleta wema hajaitazama filamu; Sauvage mwenyewe anauliza kwa uchungu kwa nini hawa walikuwa wachache kiasi hicho.

Rwanda nayo ilikuwa na milango iliyofunguka. Bibi Zura Karuhimbi, mganga wa mitishamba aliyefariki 2018, aliwaficha watu nyumbani kwake kwa kuwatisha wauaji kwamba atawaletea ghadhabu ya mizimu. Biryogo, mtaa wa Kigali ambako Kiswahili huzungumzwa, Waislamu wengi wanakumbukwa kwa kuwaficha Watutsi. Ukiwaweka hawa karibu na Wadarby wa Le Chambon, dini zao ni tofauti na nchi zao ni tofauti. Kinachofanana ni kwamba wengi wao walikuwa watu wa pembeni, waliozoea kutazamwa kwa jicho la shaka na walio wengi, na hawakusubiri ruhusa ya mkubwa yeyote. Sidai kwamba hiyo ni kanuni. Nasema inafaa kujadiliwa kwa muda mrefu kuliko swali la nani aliomba zaidi.

Inafaa kwa umri gani, na lugha ipi?

Inafaa sekondari na kuendelea. Ina urefu wa kama saa moja na nusu, na lipo toleo fupi la darasani. Simulizi ni ya Kiingereza na mahojiano mengi ni ya Kifaransa, kwa hiyo kwa kundi la Waswahili panga mtu wa kufasiri na uisimamishe kila baada ya sehemu. Usiianze bila kueleza kwanza Vichy ilikuwa nini, vinginevyo nusu ya watazamaji watadhani polisi wale wote walikuwa Wajerumani.

Le Chambon leo ikoje?

Ni mji mdogo tulivu. Rais Jacques Chirac alikwenda huko Julai 2004 kutoa hotuba dhidi ya ubaguzi, na jumba la kumbukumbu lilifunguliwa Juni 2013. Desemba 2020 alifariki Eric Schwam, mzaliwa wa Vienna aliyefika kijijini na wazazi wake 1943 akiwa mtoto, akaenda zake Lyon baada ya miaka michache, wala hakuwahi kujitangaza. Wosia wake ulikiachia kijiji takriban euro milioni 2, na akaagiza zitumike kwa elimu na vijana.